Walikunywa Bia ya Mume Wangu Huku Wakiniita Mchawi

Nina miaka thelathini na tisa, ndugu wasomaji, na ni mjane. Naishi hapa Kalemie, nauza ndakala kavu, wale dagaa wa ziwa letu, karibu na bandari. Nimezaa watoto watatu, na leo hii hakuna hata mmoja anayelala chini ya paa langu... Wako Kabalo kwa mama yake marehemu mume wangu, na huko wanafundishwa kuniogopa.

Siandiki ili nihurumiwe. Huruma nimepewa nyingi, na haijanirudishia mtoto hata mmoja! Naandika ili mjue jinsi mtu anavyoweza kupoteza wanawe kwa sababu ya shimo la bia.

Mume wangu, Papa Furaha, alikuwa Muluba wa Kabalo. Kabla hatujaoana alifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha bia kule Lubumbashi. Kazi ilipoisha akarudi. Wenzake walirudi na magodoro na redio, wangu alirudi na mkoba mmoja na bia kichwani! Alikuwa mpole. Hakunipiga, hakulala nje. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kutaka kupika nyumbani bia nyeusi, nzito, kali, ambayo mtu akiinywa glasi moja anakaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

Aliotesha mahindi na ulezi ndani ya magunia yenye maji, akaanika, akakaanga mpaka vikawa vyeusi kama kahawa. Nyumba nzima ilinuka moshi, na nguo zangu za kanisani pia. Kisha alichemsha pamoja na majani machungu, akatia sukari na chachu, akaacha ichachuke uani katika mapipa ya plastiki. Ilipotulia aliihamishia katika pipa la mti.

Hilo pipa! Lilikuwa pipa la zamani la mvinyo, la mti wa Ulaya uitwao mwaloni. Alilikuta katika uwanja wa nyumba moja ya wakati wa Wabelgiji, limegeuzwa kitu cha kukalia. Alilisugua kwa maji ya moto, akalijaza maji, akalimwaga, akalijaza tena, mpaka mbao zikavimba na kuacha kuvuja. Alisema bia ikilala miezi ndani ya mwaloni inapata ladha ambayo chupa haiwezi kuipa. Akaapa kwamba halifungui mpaka binti yetu mkubwa, Furaha, apate diploma.

"Siku ile, Mama Furaha, quartier nzima, mtaa wote, itakunywa," aliniambia. "Watajua mutoto yetu njo nani!"

Aliyemsaidia ni mdogo wangu, Paskali. Baba yetu alikufa zamani, kwa hiyo Paskali ndiye mwanamume pekee wa upande wetu. Mshike hilo vizuri, wasomaji. Katika familia zetu mwanamke akiwa na shauri na wakwe hajisemei mwenyewe. Ndugu yake wa kiume, mjomba wa watoto, ndiye mdomo wake. Mdomo wangu mimi ulikuwa Paskali, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani.

Joto la Kalemie mnalijua. Bia ilikuwa inaharibika kabla haijapata kitu. Ndipo wakachimba shimo ndani ya jiko letu la nje, refu kupita kimo cha mtu, wakaweka ngazi, wakashusha pipa la mwaloni lipate ubaridi. Juu wakafunika kwa mabati na magunia.

Nililichukia lile shimo! Nilikuwa napikia pembeni yake nikiogopa mtoto atatumbukia. Siku moja nilimpigia mume wangu kelele: "Endelea tu! Siku moja hili shimo lako litakumeza!" Ni maneno ya mke aliyechoka... Nani hajawahi kusema hivyo kwa mumewe? Lakini mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, na alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua.

Msimu wa joto kali ulipofika, bia mpya iliyokuwa inachachuka uani ikaanza kuwa siki. Paskali akashauri yale mapipa ya plastiki nayo yashushwe shimoni. Mpaka siku hiyo kule chini lilikuwa pipa la mwaloni peke yake, na bia iliyokwisha kutulia. Sasa wakashusha bia inayotoa mapovu usiku na mchana, wakafunika juu vizuri ili joto lisiingie.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye meza yangu ya ndakala, pikipiki ikaja mbio. Dereva alikuwa jirani yetu. Aliniambia nipande tu, nisiulize.

Papa Furaha alikuwa ameshuka kutazama bia yake. Furaha alimwita, hakuitika... Jirani mmoja, fundi wa baiskeli, alifungwa kamba kiunoni akashuka na mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye akapiga kelele wakamvuta upesi. Akasema kuna kitu kimemkaba kifua. Mwisho walimtoa mume wangu kwa kamba na ndoano, kama mzigo wa bandarini. Hakuwa na jeraha lolote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala mchana. Nilimtikisa, nikamtukana, nikamwambia aamke watoto wanamwangalia... Hakuamka.

Daktari aliuliza habari za shimo, kisha akanieleza taratibu. Bia inayochachuka hutoa hewa mbaya, nzito, isiyoonekana. Hewa ile hukaa chini ya shimo kama maji yanavyokaa kisimani, na hewa nzuri inakosa nafasi. Anayeshuka humo ni kama amezama.

Niliwaeleza wakwe zangu. Wakatazamana. "Kuzama bila maji?" mmoja aliuliza. Nikawarudia maneno ya daktari.

Baada ya mazishi, Paskali alinivuta nyuma ya nyumba, akalia kama mtoto. Akaniambia kwamba siku chache kabla ya msiba, yeye mwenyewe alikuwa ameshuka shimoni. Mshumaa ulizimika mkononi, miguu ikalegea, akaishika ngazi kwa shida. Alipotoka alimwambia shemeji yake. Na unajua walifanya nini? Walicheka! Walicheka mpaka machozi, wakisema bia hii ni moto, inalevya kwa harufu tu! Waliona ni sifa, ndugu wasomaji. Mauti iliwapa ishara, wao wakaihesabu kuwa sifa ya bia.

"Yaya, dada yangu, ningemukataza..." alisema.

Nilimkumbatia. Sikumlaumu hata kidogo, maana sote hatukujua. Nilimwomba jambo moja tu: wakwe wakikutana, aseme hayo hayo mbele yao. Akaapa kwa kaburi la mama yetu.

Siku ya kikao walijaa uani. Mama mkwe alisimama wa kwanza. "Mutoto yangu hakukuwa na ugonjwa," alisema. "Huyu muke wake alisema shimo itamumeza. Nilisikia na masikio yangu. Na shimo ilimumeza!"

Mzee wa familia yao akageukia upande wetu, akamuuliza mjomba wa watoto ana neno gani. Moyo wangu ukatulia. Nikasema sasa ukweli unatoka.

Paskali alisimama, akatazama viatu vyake. "Mie siyue kitu," alisema. "Mie nilikuwa nasaidia tu kubeba maji."

Akakaa.

Kikulacho ki nguoni mwako! Alijua kwamba akitaja mshumaa wake, wangemuuliza nani aliyeshauri mapipa yashuke, na kwa nini hakuzuia. Akaona heri niungue mimi kuliko yeye. Nilimwita jina. Hakuinua macho.

Basi nikafanya kosa ambalo nalilia mpaka leo, ingawa lilikuwa ukweli mtupu. Nilisimama nikajisemea mwenyewe, mwanamke, mbele ya wakwe. Niliwaita jikoni. Nikafungua yale mabati, nikaweka mshumaa ndani ya mkebe, nikaufunga kamba, nikauwasha, nikaushusha mbele ya macho yao. Ukawaka kidogo... ukazimika. Nikauvuta, nikauwasha, nikaushusha tena. Ukazimika palepale!

Nilifurahi, mjinga mimi! Nikageuka nikisema: "Mnaona? Hakuna hewa! Daktari alisema kweli!"

Walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani. Mama mkwe alikuwa amemfunika macho kitinda mimba wangu, Neema, kwa kitenge chake.

"Mulijionea," alisema kwa sauti ndogo. "Ameua moto mbele yetu. Huyu njo mulozi."

Nifanye nini zaidi? Ushahidi wangu ulikuwa umegeuka kamba ya kunifungia.

Wakaleta mtu wa maombi. Aliagiza shimo liachwe wazi, likaachwa siku nyingi upepo wa ziwani ukiingia. Aliomba, akanyunyiza maji, kisha vijana wakashuka na kupanda bila kudhurika. Shangwe! Uchawi wangu umeshindwa! Hakuna aliyetaka kusikia habari ya upepo.

Wakapandisha pipa la mwaloni, na siku ya kuondoa matanga wakalifungua. Mimi nilikuwa chumbani, nimenyolewa, sina ruhusa ya kutoka. Niliwasikia. Wakaisifu! Walisema ni tamu, ni nzito, hata Lubumbashi hakuna kama hii. Bia ya diploma ya binti yangu... Waliinywa yote, huku wakipanga nani atawachukua watoto kutoka kwa mchawi. Kama shimo lile lilikuwa la uchawi wangu, mbona hawakuogopa kunywa kilichotoka humo?

Watoto walipandishwa treni ya Kabalo. Nilikimbia kwenye stesheni, wanaume wa familia wakanizuia. Paskali alikuwepo. Alikuwa akisaidia kupandisha mizigo.

Siku hizi Paskali anapika bia nyeusi na kuiuza, na pipa la mwaloni liko kwake. Anachachusha nje, hewani, bila shimo wala kifuniko! Somo amelielewa vizuri, ila kulisema ndiko kumemshinda. Nimekwenda kwake mara nyingi, nimepiga magoti mimi dada yake mkubwa, nikimwomba tu apande treni akawaambie wale watu alichoniambia nyuma ya nyumba. Hunipa kiti. Hunipa chakula. "Yaya, mambo ilishapita," ananiambia.

Yamepita kwake!

Mwaka huu niliruhusiwa kwenda Kabalo kuwaona wanangu, uani, mbele ya watu. Furaha alinisalimia akiwa mbali. Masomo ameacha. Mvulana wangu wa katikati hakutoka kabisa. Neema alikuja. Nilikuwa nimempikia maandazi, yale anayoyapenda tangu meno yake ya kwanza. Alilipokea moja kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, akasema "Asante, Mama." Nikadhani nimempata mwanangu.

Akalimega, akamtupia kuku. Akachuchumaa akimwangalia yule kuku, aone kama atakufa.

Kuku alikula akaenda zake. Neema akanitazama, na nikaona anataka kula kile kipande kilichobaki mkononi. Bibi yake akamwita. Akakiweka chini, akaingia ndani.

Ndugu wasomaji, nawaomba. Ninyi mnaopika bia majumbani, msifukie bia inayochachuka ndani ya shimo, na mshumaa ukizimika chini msicheke, tokeni! Ninyi mnaozika, ulizeni kwanza ni nini kimemuua mtu, kabla hamjauliza ni nani. Na mwanamke mwenzangu mwenye hasira, chunga ulimi wako, kuna watu wanauhifadhi kwa ajili ya siku ya msiba.

Lakini zaidi nasema nawe, kaka, uliye mdomo wa dada yako. Ukijua jambo, liseme siku ile ile, hata kama linakuunguza. Usingoje mambo yapoe. Yakipoa, watoto wanakuwa wameshapanda treni.