Ndege Aliyejua Mluzi Wetu

"Nani kamfundisha huyo ndege mluzi wangu?"

Nilishusha darubini. Juu ya tawi lililolowa ukungu, kindege chenye kifua cha rangi ya chungwa kilipiga mluzi uleule: sauti tatu, ya mwisho ikipanda. Ndivyo mchumba wangu anavyoniita akifika getini kwetu, nami hujibu kwa sauti mbili. Aliniapia kuwa hajawahi kumwita mwingine hivyo.

Yeye ni mwongoza wageni humu hifadhini. Mimi na dada yangu ni washonaji, na gauni langu la harusi lilibakiza vifungo tu. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kulala kambini kwake.

"Ndege hawa huiga wanachosikia," alisema bila kunitazama.

"Wakisikia mara moja?"

"Wakisikia kila siku."

Nilimgeukia.

"Kwa hiyo kila siku unamwita nani huku msituni?"

Akabaki anazungusha kofia mkononi. Basi, nikajua nimekwisha. Nilimwandikia dada: "Usitie vifungo. Nitakueleza." Ujumbe uligoma kwenda, mtandao hakuna.

Nikamfuata mpishi wa kambi, mwanamke pekee pale, akipuliza moto.

"Ni wewe anayekuita kwa mluzi?"

"Mimi, wifi? Huyo akinitaka hugonga sufuria! Mluzi anaupiga kule juu kilimani, peke yake. Tulishamwambia akapimwe."

Sikucheka. Watu wa kazi moja hufichiana siri.

Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Msikilize ndege tena. Mpaka mwisho."

Kindege kikapiga sauti tatu. Kimya. Tatu tena. Kimya.

"Sasa nini?"

"Huyu akisikia wawili wanaitana, anaiga wote wawili. Kama kuna mwanamke ananijibu hapa, jibu lake liko wapi?" Alinyoosha kidole kilimani. "Miezi minane namwita mtu aliye mbali. Simu haishiki. Nikikukumbuka napanda kilimani, napiga mluzi. Niliona aibu kukwambia, mwanaume mzima."

Kindege kikaita tena, sauti tatu, kikanyamaza kama kinachosubiri jibu.

Nililamba midomo, nikajibu mbili.

Kikainamisha kichwa kusikiliza. Mchumba wangu akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Nikafuta ujumbe, nikaandika mwingine: "Dada, tia vifungo vyote." Kisha nikamshika mkono, tukapanda kilimani kwake, ujumbe ukingoja mtandao.