Marehemu Mke Wangu Aliendelea Kunisomea Falsafa

Mkono uko kwenye komeo la mlango... nikamsikia mke wangu anaongea ndani!

Jamani, Agnes nilikuwa nimeshamzika!

Tena kaburi lake liko juu kwao, milimani Uluguru. Udongo niliutupia kwa mkono huu huu.

"...mwili unaoza, lakini nafsi je, inakwenda wapi?"

Sauti yake kabisa! Na kile kikohozi chake!

Nikasukuma mlango. Kimya...

Sebuleni hapakuwa na mtu. Uani, mama mkwe anachambua maharage.

"Shikamoo, mama. Umesikia sauti humu ndani?"

"Marahaba. Sauti ya nani, baba?"

Nikarudi ndani. Nikachungulia mpaka chini ya kitanda.

Nieleweni, ndugu zangu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, redio kaseti zimejaa madukani Morogoro. Mimi mwalimu, naishi Bigwa, nasoma shahada ya uzamili ya falsafa kwa posta, chuo kimoja cha Kikristo cha ng'ambo. Macho yangu yakaanza kuingia ukungu. Agnes ndiye akawa macho yangu. Alisoma vitabu kwa sauti, akajirekodi kwenye kanda, kisha akafafanua kwa Kiswahili ili nisisinzie.

Alipofariki, nikazirundika kanda zote kabatini.

"Asiziguse mtu!" nikasema.

Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Nikasema basi, falsafa nimeacha.

Mama mkwe akabaki kunipikia mpaka arobaini ipite. Na sauti haikukoma! Kila nikirudi kutoka shuleni naisikia. Nikiingia, kimya...

Nikamsimulia jirani yangu Mwaisha, akaninong'oneza: "Mwalimu, huyo hajaondoka. Vitu vyake vichome!"

Jumamosi moja, ukungu umeshuka mlimani mpaka uani, nikazitoa zile kanda. Nikazimwagia mafuta ya taa. Nikawasha kiberiti...

"Usimchome mwanangu!"

Mama mkwe alinirukia! Mama ambaye hata kunitazama usoni alikuwa anaona haya! Njiti ikazimikia kwenye tope.

Ndani ya khanga yake alikuwa ameficha kanda moja.

"Kumbe ni wewe, mama?! Siku zote hizi nakufa kwa hofu, ni wewe?!"

"Ni mimi, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Mkwe ni nguo, mbele yake mtu hujisitiri. Ningekuvulia vipi huzuni yangu? Nawe ulishasema zisiguswe."

"Lakini humu ni falsafa, mama! Karibu yote Kiingereza!"

"Hayo siyaelewi. Mie natafuta pale anapocheka."

Anapocheka?...

Tukaingia ndani. Akairudisha kanda nyuma, taratibu, kama mtu aliyeizoea njia. Ilikuwa kanda ya mwisho, aliyoirekodi akiwa kitandani mgonjwa. Sikuwahi kuthubutu kuisikiliza.

Agnes anasoma. Anakohoa. Anajikwaa kwenye jina gumu la Mjerumani mmoja. Anajaribu tena, linamshinda... akaangua kicheko!

Mama mkwe akacheka naye.

Mimi nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Kanda nyingine tukazifuta mafuta, tukazianika, na kuanzia hapo tukawa tunasikiliza pamoja, yeye anasubiri kicheko, mimi nasubiri somo. Mtihani nikafanya, shahada nikaipata. Swali la nafsi inakwenda wapi, nililijazia kurasa nyingi. Mpaka leo sina uhakika hata na mstari mmoja.

Ila hili nina uhakika nalo: msiba hauna mwenyewe mmoja. Ukisikia mzimu nyumbani kwako, kabla hujakimbilia kiberiti, mgeukie unayeishi naye paa moja, umuulize:

"Na wewe, unamlilia nani?"