Muhuri Alioufuta Dobi

Mume wangu ni dobi. Mtaani hawamwiti kwa jina, wanamwita Dobi tu, na mimi ni Mke wa Dobi. Kazi yake iko kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Asubuhi pasi inapata moto, mashati yananing'inia ukutani, na wateja wanaingia na madoa yao. "Hili la mafuta," wanasema. "Hili la wino. Hili sijui la nini." Dobi hakatai. Doa likimshinda leo, kesho anaamka nalo.

Kazini hiyo ni sifa. Nyumbani inachosha. Siku moja alisugua jagi langu la kupimia mpaka mistari ya vipimo ikafutika. Nilipomuuliza sababu, alisema lilikuwa na michirizi. Tangu hapo napima maji ya wali kwa macho, na wali ukiwa kama uji, anayelalamika ni yeye.

Mwaka huu mama yake alihamia kwetu. Mguu wake wa kulia umepoteza nguvu, na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Akili yake ni kali, na ulimi wake ni mkali zaidi. Ndani ya nyumba anajiendesha mwenyewe. Tatizo ni mlangoni. Mbele ya mlango wetu kuna ngazi tatu, na kiti hakishuki ngazi. Akitaka kutoka, mimi na Dobi tunambeba pamoja na kiti chake, mmoja anasema inua, mwingine anasema ngoja.

"Mimi si gunia," alisema mama mkwe. "Nitengenezeeni mteremko wa mbao, nishuke mwenyewe. Mkishindwa, nirudisheni kwangu. Kwangu hakuna ngazi."

Ni kweli, kwake hakuna ngazi. Lakini pia hakuna mtu. Akianguka huko, nani atamwinua? Sisi tulijua hilo, naye alijua kwamba tunajua.

Basi Dobi akaenda kununua plaiwudi. Plaiwudi ni ubao uliotengenezwa kwa matabaka membamba ya mti, yaliyogandishwa pamoja kwa gundi. Dukani, Dobi alizipapasa plaiwudi zote kama anavyopapasa shuka aliyoipiga pasi. Akachagua iliyo laini kuliko nyingine. Mgongoni ilikuwa na muhuri mweusi wenye herufi na namba. Alipoufikisha ubao nyumbani, jambo la kwanza alishika msasa.

"Nani anachafua ubao mzuri namna hii?" aliuliza. Akasugua mpaka muhuri ukatoka.

Mteremko ule ulipendeza sana. Mvua ya kwanza ilipokuja, ulivimba. Ya pili ilipokuja, tabaka la juu liliachia na kujikunja.

"Baba watoto," nilimwambia, "muulize mtu anayejua mbao. Kuuliza si ujinga."

"Mbao ni mbao," alijibu. "Kosa langu ni kutopaka rangi."

Akanunua plaiwudi nyingine, laini zaidi. Akaufuta muhuri wake pia. Juu akapaka rangi ya kijani.

Asubuhi moja, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama mkwe alivaa viatu vyake vizuri aende kumtembelea rafiki yake mtaa wa pili. Alishuka polepole mpaka katikati ya mteremko. Hapo gurudumu la mbele likazama ndani ya ubao kama kidole kwenye mkate uliolowa. Kiti kikainama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikakidaka kwa mikono miwili. Dobi alitoka mbio na pasi mkononi. Sijui alitaka kumnyoosha nani.

Mama mkwe hakuumia. Kiatu kimoja tu kilianguka matopeni. Tulimrudisha ndani, akavua kile kiatu kilichobaki.

"Nifungieni nguo zangu," alisema. "Narudi kwangu."

Nilichoka. Nilichoka na mvua, nikachoka na mbao, nikachoka na mume anayechagua ubao kwa kuupapasa. Nguo zikafungwa kwenye mfuko, mfuko ukawekwa kando ya kitanda. Kisha nikatoka kwenda kumwita Bi Futi.

Bi Futi ni jirani yetu. Anafanya kazi kwenye ghala la mbao. Anapokea mizigo, anaikagua na kuipanga. Wanamwita hivyo kwa sababu futikamba haimtoki kiunoni, hata harusini. Alikuja, akachuchumaa, akabonyeza ubao kwa kidole gumba. Kidole kikaingia.

"Muhuri wake ulisemaje?" aliuliza.

"Hauna muhuri," alijibu Dobi.

"Ulikuwa nao. Siku ile unajenga nilipita hapa, nikakuuliza, 'Shemeji, muhuri umeuona?' Ukaniambia, 'Usijali, dada, nimeshautoa.' Nikadhani unanitania."

Nilimtazama mume wangu. Yeye akatazama rangi yake ya kijani.

"Ule ni wino tu," alisema. "Uchafu wa kiwandani."

Bi Futi alishusha pumzi. "Una kipande kilichobaki, kikavu? Kilete. Na wewe, jirani, niwekee sufuria ya maji jikoni."

"Sufuria ya nini?"

"Ya kuchemshia ubao."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilitoa sufuria yangu ya chai. Bi Futi alitoa kwenye mkoba wake kipande kingine cha plaiwudi, alichokiokota ghalani. Kilikuwa na vifundo, na upande mmoja kilikuwa na tundu.

"Hicho kibovu," alisema Dobi.

"Subiri."

Akavitia vyote viwili kwenye maji yanayochemka. Mama mkwe alisogeza kiti chake mpaka mlango wa jikoni.

"Kumbe leo tunakula mbao," alisema. Nilifurahi kusikia anatania.

Tulichemsha kwa muda mrefu. Maji yalipungua, nikaongeza. Kisha Bi Futi akavitoa vipande kwa koleo. Kile kizuri cha Dobi kilikuwa kimeachana. Bi Futi aliyatenga matabaka yake moja moja kwa kucha, akayapanga mezani. Kile chenye vifundo kilikuwa kizima. Alikigonga mezani, akakipiga kwa mchi wangu, hakikuachia.

"Kinachoshika plaiwudi ni gundi," alisema. "Uso mzuri ni wa macho ya watu. Maji hayana habari na uso, yanaifuata gundi."

"Lakini gundi iko ndani," alisema Dobi. "Mtu ataijuaje?"

"Ndiyo maana kiwanda kinaandika nje, shemeji. Kwenye huo muhuri."

Dobi alitazama matabaka yaliyopangwa mezani. Aliyesema ni mama yake.

"Wewe, nani alikufundisha kufua?"

"Ni wewe, mama."

"Mteja akikuletea koti usilolijua, unaanza na nini? Na sabuni?"

"Hapana. Naanza na lebo, ndani ya kola."

"Kwa nini?"

"Nijue kama linavumilia maji ya moto. Nijue kama linavumilia pasi." Sauti yake ilianza kushuka.

"Umewahi kuikata lebo, ukalitia koti kwenye maji yanayochemka, kisha ukashangaa limeharibika?"

Dobi alichukua tabaka moja la ule ubao wake, akalitazama upande huu na upande huu.

"Mkwe wangu, nisamehe," mama mkwe aliniambia. "Huyu nilimlea mimi."

Kesho yake tulikwenda ghalani, Dobi, mimi na Bi Futi. Plaiwudi zilikuwa zimelazwa kwa marundo. Dobi alinyoosha mkono apapase. Nikamshika mkono.

"Soma kwanza," nilimwambia.

Bi Futi aligeuza ubao mmoja, akatuonyesha muhuri. "Hizi herufi mbili, C na D, zinasema habari za sura. Ya kwanza ni uso wa mbele, ya pili ni mgongo. A ni laini na haina tundu. Kadiri herufi zinavyosogea kuelekea D, vifundo na matundu yanaongezeka. Ya kabati la sebuleni, nunua ya A. Lakini mteremko utakaokanyagwa na kupakwa rangi, sura ya A ya nini?"

"Na mvua?" niliuliza.

"Mvua iko hapa." Aliweka kidole kwenye herufi nyingine. "WBP. Maana yake gundi inahimili mvua, hata maji ya kuchemka. Sasa tazama ile pale, laini kama kioo. Imeandikwa MR. Gundi yake inavumilia unyevunyevu wa ndani ya nyumba. Kunyeshewa hapana. Nadhani wewe ulinunua hiyo."

"Utajuaje, na mimi nilifuta?" alisema Dobi.

"Niliichemsha kwenye sufuria ya mkeo."

Tukaenda kwenye mbao za fremu. Bi Futi alituonyesha herufi KD. Maana yake ubao umekaushwa kwenye tanuri. Ubao mbichi ukifungwa kwenye fremu, baadaye unakauka, unajipinda na kung'oa skrubu. Kando ya KD kulikuwa na namba ya daraja. Kwenye mbao hizo, namba moja ilikuwa imara kuliko namba mbili.

"Lakini msikariri tu," alisema. "Viwanda haviandiki kwa mtindo mmoja. Alama usiyoijua, muulize muuzaji akuonyeshe maana yake kabla ya kulipa."

Dobi alikuwa ameshatangulia mbele. "Hii hapa ina HT," aliita. "Inasema imepigwa joto. Hii ndiyo ya mvua."

"Siyo," alisema Bi Futi. "Imepashwa joto ili wadudu wafe. Mvua haijatajwa hapo. Ya nje itafute yenye alama ya dawa ya kuzuia kuoza."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi kwa watu wengi. Nilimhurumia, maana sauti hiyo naijua, ni yangu.

Tulipokuwa tunachagua, muuzaji mmoja alitutolea plaiwudi ya kuvutia kweli. "Chukueni hii," alisema. "Ni ya nje kabisa."

"Muhuri wake uko wapi?" aliuliza Dobi.

"Ulifutika."

"Ulifutika, au kuna mtu aliufuta?" Dobi alikunja uso kama hakimu. "Ubao usio na muhuri ni wa kubahatisha, bwana. Mimi siuchukui."

Niligeuka kando, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Ningemtazama usoni ningecheka, au ningelia.

Nyumbani, kabla ya kupigilia, mama mkwe alisema, "Huo ubao uleteni hapa kwanza." Dobi aliuegemeza mbele ya kiti chake.

"Nisomee."

"C na D, ndiyo sura yake," alisema Dobi. "Haivutii, lakini itapakwa rangi. WBP, gundi inahimili mvua. Fremu ni KD, ni kavu, na ina alama ya dawa."

"Na hili doa jeusi utalifanyaje?"

"Nitaliacha."

"Sijasikia."

"Nitaliacha, mama."

Alijenga kama Bi Futi alivyoelekeza. Alipokata ubao, kipande kilichokosa muhuri alikiandika mgongoni kwa penseli, ili kesho asije akasahau ni kipi. Kingo zote alizipaka rangi mara mbili, kwa sababu maji huanzia kuingia kwenye kingo. Juu, rangi ikiwa bado mbichi, alinyunyiza mchanga ili magurudumu yasiteleze. Muhuri alioutunza aliuweka chini, upande usioonekana. Nilimwona ameuinamia na kitambaa mkononi. Akanitazama. Nikamtazama. Akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Vizuri," alisema mama mkwe. "Lakini mfuko wangu haufunguliwi mpaka mvua inyeshe."

Mvua ilikuja, na haikuja kwa adabu. Ilinyesha mchana na usiku, ikapumzika, ikarudi. Mfuko ulikaa kando ya kitanda. Dobi alikuwa anakatiza kazi kila mara akachungulie mteremko, mpaka akaunguza shati la mteja. Mimi mwenyewe usingizi ulinipaa.

Mvua ilipokatika, mama mkwe alivaa viatu vyake, hata kile kilichoanguka matopeni. Alituambia tukae nyuma na tusimguse. Alishuka mpaka katikati, pale pale gurudumu lilipozama. Akasimama. Akajitikisa kitini kwa makusudi, kulia na kushoto. Ubao haukulia wala kubonyea. Akaendelea mpaka chini, akafika barabarani, akakata kona bila kugeuka nyuma.

Dobi aliketi kwenye ngazi akajifuta macho. Alisema ni mvuke wa pasi. Mimi niliingia ndani, nikafungua mfuko, nikarudisha nguo kabatini moja moja.

Hayo yamepita, na mvua nyingi zimeunyeshea mteremko wetu. Ni imara kama siku ya kwanza. Jambo linalonichosha sasa ni jingine. Asubuhi mama mkwe yuko kwa rafiki yake. Mchana yuko kwa Bi Futi, wanawasema watu wasiosoma mihuri. Chakula kinapoa, nazunguka mtaa mzima nikimuuliza kila mtu kama amemwona bibi mwenye magurudumu. Jana nilimpata karibu na kona, nikamwambia, "Mama, na wewe angalau uwe unaaga."

"Nitaaga nini, na njia ni yangu?" alisema, huku anasukuma magurudumu. "Rudi nyumbani, mwanangu. Ila mlango msinifungie."