Bibi wa Laurean

Ngazi za umeme za stesheni ya treni ya Wheaton, karibu na Washington, Marekani, ni ndefu mno. Ukisimama chini huoni zinapoishia. Wanaozitumia kila siku wanajua sheria yake: anayesimama akae kulia, mwenye haraka apite kushoto. Jioni moja ya Oktoba, mwaka 2004, Laurean alisimama katikati, mfuko wa ndizi mbichi mkono mmoja, gazeti mkono wa pili.

Nyuma yake alikuja mwanamke anayepanda kwa miguu ngazi inayopanda yenyewe. Suti ya kijivu, skafu ya rangi ya chungwa, raba miguuni, viatu vya visigino mkononi. Akaomba njia kwa Kiingereza.

Laurean alisogea akinung'unika, "Huyu naye anakimbizwa na nini?"

"Na kazi," sauti ikamjibu kwa Kiswahili. "Na wewe, nani amekusimika hapo kama nguzo ya stima?"

Laurean akageuka, akacheka.

"Samahani, dada. Mimi fundi wa lifti. Ngazi ikikubeba, iache ikubebe."

"Mimi ikinibeba naona nimechelewa," alisema mwanamke yule, Serah. Lakini alisimama, na mpaka walipofika juu alikuwa ameshampa namba ya simu.

Serah alikuwa na miaka thelathini na sita. Alianza kazi akihesabu magodoro katika ghala la Nairobi la kampuni moja ya Kiingereza inayotengeneza vitanda vya hospitali. Akasoma jioni, akahamishiwa Birmingham, na sasa aliongoza ofisi yao ya Marekani. Hakuwa amewahi kukaa nyumba moja miaka mitatu. Hata akila, mguu mmoja ulikuwa ukitikisika chini ya meza.

"Huo mguu wako unakwenda wapi?" Laurean alimuuliza siku moja.

"Unatangulia. Mimi nitaufuata."

"Ukifika uniambie, mpenzi, nije na ndizi."

Laurean alimpigia simu kila siku mchana, akiwa juu ya lifti ya jengo fulani, nyundo kiunoni. Lakini kila ikifika saa kumi na mbili jioni, Laurean aliaga. Na hakuwahi kumkaribisha kwake. Serah hakuuliza. Aliogopa jibu.

Machi 2006 simu ilitoka London. Mkurugenzi mkuu anastaafu. Bodi imemchagua Serah. Angekuwa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Ajibu kufikia Jumatatu.

Jumapili walikutana kwenye mgahawa wa Silver Spring. Serah alikuwa ameamua: Laurean akisema neno moja tu, baki, atabaki. Kabla hajafungua mdomo, simu ya Laurean ililia. Akasogea dirishani, mgongo kwa Serah, lakini sauti ilisikika.

"Hapana, Fidelis, siwezi kuchelewa. Bibi yuko peke yake nyumbani, nisiporudi hapati usingizi. Unajua mwenyewe, duniani hakuna mtu ninayempenda kama bibi."

Serah ni mtu wa Nakuru. Kwao mwanamume akisema bibi, anamtaja mke wake.

Laurean aliporudi alikuta kiti kitupu na skafu ya rangi ya chungwa juu yake. Jumatatu Serah alijibu London ndiyo.

Laurean alipiga simu London mara mbili. Katibu, Rosemary, alimwambia mkurugenzi yuko kikaoni. "Mwambie fundi wa lifti amepiga," alisema, na mara ya pili alijua kwamba hatapigiwa. Akaona amesahauliwa na mtu mkubwa.

Huko London gazeti liliandika habari za Serah, robo ya habari hiyo ikiwa juu ya viatu vyake. Wazee wa bodi walimkatiza sentensi; akajifunza kusimama anapozungumza. Walitaka kiwanda cha Birmingham kifungwe. Alikaa nao siku tatu, akakataa, kikabaki. Watu wakampigia makofi. Jioni hiyo alipita mtaa ule ule mara nne kwa miguu, asijue anamtafuta nani wa kumwambia.

Novemba 2008 ilikuja barua pepe fupi ya Laurean, yenye anwani ya kwake. *Bibi amefariki. Nimempeleka Bukoba, tumemzika. Misa ya arobaini ni Jumamosi, Wheaton. Alikuulizia mpaka mwisho.*

Serah aliisoma amesimama. Mke gani huyu, aliyekuwa akimuulizia yeye? Aibu ikamchoma. Akakata tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, akampe mfiwa pole, basi.

Mlango wa Laurean ulifunguliwa na jirani, Généreuse, Mkongomani mwenye kitenge cha kijani.

"Karibu, dada. Ingia, usiogope, bado tunakula."

Chumba kilikuwa kimoja. Mezani mshumaa uliwaka mbele ya picha ya mwanamke wa miaka themanini na kitu, hana meno ya mbele, anacheka. Mabegani skafu ya rangi ya chungwa.

"Huyu ni nani?" Serah aliuliza, ingawa skafu aliijua.

"*Mais*, si ni Bibi! Mama wa baba yake. Alimulea tangu mutoto." Généreuse akautazama uso wa Serah, akashika mdomo. "Ah! Na wewe? Hata miye nilikosea. Kwetu bibi ni mwanamuke uliyeoa. Mwezi muzima nilikuwa nauliza watu, huyu bibi yake anajificha wapi?"

Serah akakaa chini. Alicheka, kisha hakuwa anacheka tena. Laurean alitokea jikoni na sinia la vikombe, akasimama.

"Hukunileta kwake," Serah alisema.

"Kwetu msichana haletwi mbele ya bibi mpaka neno la ndoa limekamilika. Siku ile nilitaka kulikamilisha. Nilirudi na skafu peke yake. Akaniuliza ya nani, nikamwambia. Hakuivua tena."

"Pole, Laurean."

"Nimeshapoa. Kunywa chai."

Alimsindikiza stesheni, na njiani Serah akamweleza alivyolielewa neno bibi siku ile. Kwenye ngazi ya kushuka Serah alitazama saa. Ndege ilikuwa karibu kuondoka.

"Kwa hiyo kwenu," Laurean alisema, "bibi ni mke."

"Ni mke."

"Wa kwetu nimemzika, Serah. Namtaka wa kwenu."

Serah hakumtazama. "Kazi siachi."

"Nani kakwambia uache? Kwani London hakuna lifti? Aliyekuwa ananishika hapa ameshapumzika."

Chini kabisa treni ilisikika ikiingia. Mguu wa Serah ukaenda kushoto wenyewe, kwenye njia ya wenye haraka. Bado angeiwahi.

Akaurudisha kulia, kando ya mguu wa Laurean. Watu wakawapita wakikimbia, milango ya treni ikafungwa, ikaondoka, na ngazi ilikuwa bado inawabeba.