Mkonga Juu ya Meza

Asubuhi ile Mwantumu alitwanga mahindi kama kawaida, lakini masikio yake yote yalikuwa zahanati. Binti yake, Chausiku, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Kijiji chao cha ujamaa, Azimio, kilikuwa kipya. Msikiti ulikuwa bado haujaezekwa. Simu zilikuwa tatu: zahanati, ofisi ya kijiji na ghala la pamba.

Saa nne nesi Yuditha alimwita. Uso wake tu ulimtisha Mwantumu.

"Bibi, mtoto amekingama tumboni. Hapa siwezi. Tunahitaji gari la wagonjwa kutoka Korogwe."

Akazungusha mpini wa simu. Kimya. Akazungusha tena mpaka jasho likamtoka. Kimya.

"Mama, nakufa!" Chausiku alilia ndani.

Mwantumu akaitazama simu. "Simu imeharibika?"

"Haijaharibika. Simu zetu tatu zinatumia waya mmoja. Mkonga wa kusikilizia wa simu moja usiporudishwa mahali pake, zote zinafungwa. Ghala hili hapa nimeshatazama, mkonga uko mahali pake. Basi ni ofisini. Kimbia, bibi, ukaurudishe!"

Mwantumu akatoka mbio. Alikwisha kuzika binti mmoja kwa uzazi. Aliogopa, aliogopa sana, kumzika wa pili.

Ofisini wanaume walikuwa wakisoma Yasini. Walimwombea Chausiku ajifungue salama. Kati yao aliketi mume wa Chausiku, Muhidini, katibu wa kijiji. Kwa desturi yao, mama mkwe haingii alipoketi mkwewe. Mwantumu alisita mlangoni. Akauona mkonga umelazwa mezani, umefunikwa kofia kwa adabu zote.

Akaingia. Akampita mkwewe, akaurudisha mkonga kwenye simu.

"Mama!" Muhidini aliinamisha uso. "Niliuondoa kwenye simu ili isitukatize dua."

"Umemfungia mkeo njia, baba! Waya ni mmoja. Yuditha anaita Korogwe, haitoki!"

Muhidini akainuka. Mara kengele ikalia. Akanyoosha mkono.

"Usiiguse!" Mwantumu alisema. "Huyo ni Yuditha; akizungusha, zinalia zote. Mwache apate Korogwe."

Wakasimama wote mpaka kengele iliponyamaza.

Gari lilifika saa saba. Njia nzima Mwantumu alimshika binti yake mkono, akiuhisi unazidi kuwa baridi. Jioni, hospitalini, akapewa mjukuu wa kike aliyekuwa akilia kwa hasira. Chausiku alikuwa hai. Hapo ndipo Mwantumu naye akalia.

Kwenye mkutano wa kijiji Muhidini alisimama mwenyewe akaeleza kosa lake. Fundi Lukasi wa simu aliitwa. Akavuta waya wa pili, wa zahanati peke yake.

"Sasa uzembe wa mmoja hautaifungia zahanati njia," alisema. "Lakini ofisi na ghala bado mna waya mmoja. Ukimaliza kusema, rudisha mkonga. Kama kengele inawakera, kisomo kifanyieni kwingine."

Wanaume wakacheka, Muhidini akacheka nao kidogo.

Mwezi uliofuata walikuwa tena kwenye dua pale ofisini. Simu ikalia. Mzee Sadala, aliyekuwa akiongoza, akanyamaza.

"Pokea kwanza, Katibu. Dua tutaimalizia."

Muhidini akasikiliza, kisha akamgeukia jirani yake.

"Mdoe, nenda zahanati. Mkeo ameshikwa na uchungu, na gari limeshaondoka Korogwe."

Mdoe akatoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.