Mtoto wa Katuku

Koki alikutana na Mulei sokoni Voi, siku ya soko, watu wakipigana vikumbo kati ya mafungu ya vitunguu. Alikuwa ametoka zamu, kavaa gauni la manjano lililomkaa barabara, akiminya nyanya moja moja na kuzigeuza.

"Sista, hizo haziumwi," muuzaji akamwambia.

Koki akamuuliza amejuaje kuwa yeye ni muuguzi. Muuzaji huyo, Mulei, kijana mrefu aliyeleta mboga kutoka Bura kwa pikapu, akasema ni mikono: mtu wa kawaida haishiki nyanya kama mtoto mchanga. Koki akacheka, na kabla hajaondoka alikuwa ameshatoa namba yake.

Tangu hapo simu hazikukatika. Mulei alipenda habari za wodi ya uzazi, naye Koki akamsimulia anavyompokea mtoto: kumkausha upesi kwa kitambaa chenye joto, kusikiliza pumzi, kutazama rangi ya midomo na kama anarusha miguu, kisha kumlaza kifuani mwa mamake asipatwe na baridi.

"Laazizi," Mulei akamtania, "zamu yetu ikifika mimi nitazimia."

"Ukizimia nakuruka. Mtoto kwanza."

Wazee wakaanza kuzungumzia mahari. Ndipo Katuku, dadake Mulei, aliposhikwa na uchungu wa uzazi. Hakutaka muuguzi mwingine ila wifi yake.

Mtoto alitoka kimya. Wa kiume, mzito, mweupe, amelegea. Koki akamkausha, akamsugua mgongo, hakulia. Akamweka kichwa sawa, akamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha kupumulia, akawa anabana mfuko wa hewa huku mwenzake Margaret akisikiliza moyo. Kifua kiliinuka, lakini moyo ulizidi kufifia, hatimaye ukanyamaza. Daktari alikuja, wakaendelea naye mpaka daktari mwenyewe akamshika Koki mkono aache. Koki akamvingirisha mtoto kwa shuka safi, akampa Katuku ampakate.

Mulei alikuwa amesimama mlangoni.

"Uliacha," akamwambia nje. "Nimekuona kwa macho yangu. Ulitoa mikono, ukaacha."

Koki alijaribu kumweleza, lakini Mulei alikwisha kumpa kisogo. Simu zikakoma. Matangani mamake Mulei alisema mbele za watu kwamba mjukuu wake aliuawa na uzembe, na Mulei hakumkanya. Koki akawa anauzunguka mtaa mzima ili asipite sokoni.

Mvua za vuli zilipoanza, Mulei alikuja hospitalini, amekonda, shati limemlowa mgongoni. Alisema Katuku amemkalisha chini na kumwambia ukweli ambao daktari aliusema siku ileile: kitovu kilikuwa kimemzonga mtoto shingoni, akafika duniani amechoka kabisa. Katuku alimwambia pia kwamba Koki ndiye pekee aliyemruhusu amwage machozi na mwanawe mikononi.

"Nilikudhulumu, Koki. Nisamehe."

"Nilishakusamehe."

Koki akanyoosha mkono kumpangusa maji usoni. Mulei akarudi nyuma, hatua fupi tu, kisha akaona haya.

"Nakupenda," akasema. "Lakini mikono yako ikinikaribia, namwona mpwa wangu. Nimejaribu, imenishinda."

Koki akaushusha mkono. Alikuwa amemngoja mtu huyu siku zote hizo, na sasa amekuja kumwambia kwamba haji.

"Na mimi," akasema taratibu, "kila mtoto akichelewa kulia, nakuona wewe mlangoni. Hatuwezi kujenga nyumba hapo. Nenda, Mulei. Msalimie Katuku."

Akaenda, bila kugeuka.

Ndani, Margaret alikuwa akimwita. Mama mmoja alikuwa amekaribia kujifungua. Koki akanawa, akavaa glavu, akampokea msichana aliyelia hata kabla hajatoka mabega. Akamkausha, akamtazama midomo, akamlaza kifuani mwa mamake na kuwafunika pamoja.

"Sista, mbona unalia?" mama akauliza kwa hofu. "Ana shida?"

"Hana shida yoyote," Koki akasema. "Ni mzima kabisa."