Jina Lililoitwa Mchana

Barua ilifika Jumanne, Kageha akiwa ameanika maharagwe uani. Mwalimu wa shule ya jirani aliileta kwa baiskeli, akasimama akingoja, maana barua ya kutoka Nairobi haikuwa jambo la kila siku mwaka ule wa 1968.

"Fungua basi, Mama Navalayo. Au unangoja iive?"

Kageha akacheka kwa haya, akaifungua. Wachapishaji walikuwa wameusoma mswada wake, ile hadithi ya vijana aliyoiandika katika madaftari manne mtoto akiwa amelala. Ilihusu wanafunzi wanaomtafuta msichana aliyepotea msituni, wakiongozwa na ngano za linani, zimwi la msitu linalomeza watu wazimawazima. Mwishoni wanalikata zimwi kidole gumba, na msichana anatoka humo akiwa hai, anarudi kwao. Hadithi imewapendeza, barua ilisema. Walitaka jambo moja tu: aandike ukurasa mmoja kueleza wazo hilo alilitoa wapi.

Kageha alikaa na kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo: "Nyanya yangu alitusimulia ngano za linani." Akaweka nukta, akafunga bahasha. Alilokuwa ameandika lilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Kweli yote ilianzia siku ya bendera, Desemba ya 1963. Watu wote wa upande ule wa msitu wa Kakamega walikwenda mjini kuona sherehe za Uhuru. Kageha alikuwa bado msichana wa kwao. Mdogo wake, Navalayo, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa hajaleta kuni za siku ile kutoka msituni.

"Kimbia uzilete," Kageha alimwambia. "Tutakungoja njia panda."

Hawakumngoja. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza kusikika, na rafiki zake Kageha walikuwa wakimvuta mkono. Waliporudi jioni Navalayo hakuwako. Wanaume walitafuta msituni siku tisa. Hawakupata kitambaa wala kamba ya kuni.

Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama yao, Jescah. Desturi ilisema mtu asiyepatikana azikiwe shina la mgomba badala ya mwili wake, apate mahali pa kulala, na walio nyumbani wanyoe nywele na kulia. Mama Jescah alikataa.

"Nani ameniletea maiti?" aliuliza. "Mtoto wangu amechelewa tu."

Miaka miwili na miezi kadhaa ikapita. Kageha akaolewa na Barnaba, ng'ambo ya kijito, na Aprili ya 1966 akazaa mtoto wa kike.

Mtoto alilia. Alilia siku tatu. Hakushika ziwa, hakulala. Mama mkwe, Risper, hakushtuka hata kidogo. Mtoto anayelia hivyo anadai jina. Marehemu mmoja wa ukoo anataka kuitwa tena, na akitajwa, kilio hukoma papo hapo. Basi siku ya nne, saa sita mchana, wanawake wakakusanyika chumbani, wakawa wanawataja wafu mmoja mmoja.

"Muhonja!" Mtoto akalia.

"Mmbone!" Akalia zaidi.

"Khasandi!"

"Ah, huyo alikuwa na mdomo," Risper akasema. "Hata mimi ningelia." Wanawake wakacheka. "Huyu anachagua kama mnunuzi wa ng'ombe. Tumempitisha boma zima, na bado anatikisa kichwa."

Kageha hakucheka. Alikuwa hajalala tangu ajifungue. Jasho lilimtiririka, matiti yalimuuma, na kile kilio kilikuwa kimemwingia mifupani. Akafumba macho. Jina lililokuwa moyoni mwake kila siku likamtoka lenyewe.

"Navalayo."

Kilio kikakoma.

Mtoto akashika ziwa, akanyonya. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mwanamke mle ndani alijua kwamba wanaotajwa ni wafu peke yao.

Habari zilivuka kijito kabla jua halijashuka. Mama Jescah alikuja, akasimama mlangoni, asiingie.

"Kwa hiyo umemuua," akasema.

"Mama, lilinitoka tu."

"Umemuua mdogo wako kwa mdomo wako." Akageuka, akaenda zake.

Kwa juma moja mtoto alinyonya vizuri. Lakini Kageha aligundua jambo. Kila alipoita, "Navalayo," mtoto hakumtazama yeye. Aligeuza shingo upande mwingine, polepole, kuelekea msituni. Alipombadilisha upande, shingo ilirudi kulekule.

Siku ya nane, Risper alikuwa akipeta mtama uani. Jua lilikuwa kali. Kuku wamelala kivulini. Kageha akamwinua mtoto, akamchezea.

"Navalayo! Navalayo wangu!"

"Ee!"

Ilikuwa sauti ya msichana. Ilitoka nyuma ya migomba.

Ungo wa Risper ukasimama. "Umeita nani?" akanong'ona.

"Mtoto."

"Usiite tena."

Walikwenda kutazama, wameshikana mikono. Hapakuwa na mtu. Majani makavu yalikuwa yamelala, ila mahali pamoja yamekanyagwa, kama mtu alisimama hapo muda mrefu akiitazama nyumba.

Kesho yake mtoto alilikataa ziwa. Hakulia. Alitazama msituni tu, kinywa kimefungwa. Barnaba alimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hana homa wala ugonjwa wanaouona, wakampa dawa. Dawa ilimtoka mdomoni. Siku ya tatu mbavu zake zilihesabika.

Ndipo akaja shangazi Sellah, dada wa marehemu baba yake Kageha. Alimshika mtoto, akaugusa utosi uliobonyea.

"Jina limekaliwa na wawili," akasema. "Mmoja ana mwili lakini hana nguvu. Mwingine hana kaburi. Mpeni yule mkubwa pa kulala, amwachie mdogo."

"Mama hatakubali," Kageha akasema.

"Basi utazika huyu."

Kageha alimfunga mtoto mgongoni, akavuka kijito. Alimkuta mama yake akipalilia. Akapiga magoti katikati ya mistari ya mahindi.

"Mama, mtoto anakufa."

Mama Jescah hakuinua kichwa. "Na wangu? Nikizika mgomba leo, akirudi kesho nitamwambia nini? Kwamba tulichoka?"

"Mama, mtazame tu."

Alikataa kutazama. Halafu akatazama. Akamfungua mtoto mgongoni mwa Kageha, akamweka mapajani, akamtia kidole kinywani. Mtoto hakufyonza. Mama Jescah akakaa vile mpaka kivuli chembamba cha mahindi kikamfikia miguuni.

"Zikeni," akasema mwishowe. "Lakini udongo sitautupa mimi."

Walizika mchana uleule. Barnaba alichimba kaburi karibu na la baba yake Kageha. Sellah alichagua mgomba, wakalikata shina kwa urefu wa msichana wa miaka kumi na mmoja, wakalifunga ndani ya gauni lake la shule. Barnaba akalibeba peke yake. Hatua chache, akasimama.

"Ni zito," akanong'ona.

"Mgomba una maji," Sellah akasema.

"Nimebeba migomba tangu utotoni, shangazi."

Wakalibeba watatu. Kageha alishika upande wa miguu. Maji ya mgomba yalikuwa yameloanisha gauni, yakamchuruzikia mikononi. Yalikuwa ya vuguvugu.

Wakaliteremsha. Udongo ukaanguka. Mama Jescah alikuwa ameketi, amewapa mgongo. Na pale pale, udongo ulipofunika pindo la gauni, mtoto mgongoni mwa Kageha akafungua kinywa, akalia kwa njaa. Alinyonya mpaka maziwa yakammwagikia shingoni. Alimtazama mama yake machoni, kwa mara ya kwanza. Kageha alilia kwa furaha, akaona aibu kwa furaha yake.

Usiku mvua ilinyesha, ikakatika kabla ya mapambazuko. Kageha alikuwa amelala kwa mama yake. Asubuhi alitoka kumwaga majivu, akaona nyayo.

Zilitoka msituni. Zilipita kando ya mahindi, hazikukanyaga mche hata mmoja, kama miguu inayojua shamba. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi jipya. Hapo zilisimama. Visigino vilikuwa vimezama sana. Mtu huyo alisimama hapo kwa muda.

Kisha zikageuka. Zikarudi msituni.

Hazikuja nyumbani. Hata hatua moja.

"Mama," Kageha akaita. "Mama, njoo."

Mama Jescah alikuja. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye tope, akauweka mkono wake ndani ya unyayo mmoja, kisigino kwa kisigino cha kiganja, akapima kwa vidole kama alivyokuwa akiwapimia wanawe viatu vya sokoni. Vidole vyake, vilivyokuwa vikifika zamani, sasa havikufika mwisho. Akapima tena.

"Mguu umekua," akasema.

Kageha hakuelewa. Kisha akaelewa kwamba wafu hawakui, akakaa chini palepale topeni.

Mama Jescah alikwenda akaleta karai, akaufunika unyayo ule usifutwe na mvua. Karai lingali pale, limeota kutu, na hakuna anayethubutu kuliinua. Siku ambazo Kageha humpeleka binti yake kwa nyanya yake, humkuta mama yake ameketi kando ya karai, ameelekea msituni, akiita taratibu:

"Navalayo. Navalayo, mama."

Mtoto hutoka mbio nyumbani, mikono imeinuliwa. "Nipo, nyanya!"

"Si wewe," Mama Jescah humwambia, bila kugeuka. "Rudi ndani, mama. Si wewe."